Wiki Niliyoiomba

Miche ya kwanza ililetwa na lori siku ya Ijumaa, pamoja na wageni waliovaa fulana za kijani. Walipanda safu mbili kutoka langoni hadi ofisini, wakapigwa picha wameshika majembe, wakanywa soda, wakaondoka kabla jua halijawa kali. Kufikia wiki ya nne hakuna mche uliobaki na jani. Mlinzi wa shule aling'oa vijiti vile kimoja kimoja, akavifunga kwa kamba, akachemshia chai.

"Walipanda kuni," aliniambia nilipompita na vitabu vyangu. Hakucheka. Ndivyo tulivyoanza kuzungumza.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili nikifundisha baiolojia katika shule hiyo ya bweni ya wasichana, kaskazini mwa mji wa Isiolo, upande wa Ngaremara. Mimi nimezaliwa kwenye miteremko ya Meru, ambako kigingi cha ua kikikaa ardhini msimu mmoja huchipua. Hapa, ikifika saa nne asubuhi, upepo uliinua vumbi uwanjani ukalimwaga madarasani, na wasichana wakayafuta madaftari kwa mikono ya sweta kabla ya kuandika. Nililichukia vumbi lile. Nikisema ukweli, miti niliitaka kwanza kwa ajili yangu mwenyewe, kisha nikapata sababu nyingine za kuwaambia watu.

Mlinzi alikuwa mzee wa Kiturkana, mrefu, aliyetembea kana kwamba bado ana mifugo mbele yake. Aliwahi kuwa na ng'ombe na mbuzi wengi, ukame mmoja wa zamani ukawamaliza, na tangu hapo amekuwa langoni pale. Nilipomwambia nataka kuanzisha klabu ya mazingira na kupanda upya, aliuliza swali moja tu.

"Maji utatoa wapi, Mwalimu?"

Lilikuwa swali la haki. Kisima cha shule kilitoa maji ya kupikia na ndoo moja kwa kila msichana kwa siku, basi. Lakini maji hayo yakishatumika yalimwagwa tu. Kwa hiyo tulichimba mtaro kutoka jikoni na kutoka mahali pa kufulia, tukaupitisha kwenye shimo la kokoto, mchanga na makaa, na mwishoni tukatengeneza dimbwi lililotandikwa karatasi nyeusi ya nailoni. Maji yaliyofika dimbwini hayakuwa ya kunywa, lakini hayakuwa na povu wala harufu. Wasichana wa klabu walimwagilia kwa jagi, wawili kila siku, alfajiri kabla ya masomo ya asubuhi, kwa sababu jua likishatoka nusu ya maji huenda na hewa. Ratiba niliiandika mimi, nikaibandika kwenye mlango wa maabara.

Mwenyekiti wa klabu alikuwa msichana Mborana kutoka Merti. Alikuwa na daftari alilolifunika kwa gazeti, na humo kila mti ulikuwa na nambari yake, siku ulipomwagiliwa, na majagi mangapi. Aliniambia anataka kusomea mambo ya maji. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Mwenzake akimwaga maji nje ya shimo la mti, alimtazama tu, na yule mwenzake akajua.

Miti aliichagua mzee. Mwarobaini, alisema, na migunga, kwa sababu hiyo inajua hapa. Nilikubali. Kisha nikaongeza mipapai na migomba, karibu na dimbwi, kwenye udongo wenye unyevu. Wasichana walikula githeri, mahindi na maharagwe, siku nenda siku rudi, na mimi nilitaka waone tunda likitoka kwenye maji waliyonawia. Pia nilitaka kuona mgomba. Dirisha la nyumba yangu ya walimu lilielekea huko.

Mzee alikuja akasimama kando ya mashimo nikiwa napanda.

"Mwarobaini ni sawa," alisema. "Ndovu hataki uchungu. Lakini hii ndizi, Mwalimu, hii ni kama kumwita mtu na jina yake."

"Ndovu ako wapi sasa?"

"Ako mtoni. Mto ikikauka, atakuja na laga." Alionyesha kwa fimbo korongo kavu lililopita nyuma ya shule. "Baba yake alipita hapo. Yeye anajua."

"Tuna ua wa seng'enge, Mzee."

Aliutazama ua ule wa nyaya tatu kwa heshima, kama mtu anavyotazama nguo mpya ya mtoto, akarudi langoni kwake.

Mvua ya mwaka ule ilikuwa nzuri, na mwaka uliofuata migomba ilizaa. Tulizigawa ndizi bwaloni, nusu nusu, na kelele iliyokuwa humo sijawahi kuisikia tena shuleni. Mwalimu mkuu alipiga picha kwa simu yake. Picha hiyo ndiyo aliyoituma kwenye mashindano ya shule zinazotunza mazingira katika kaunti, na mwaka mmoja baadaye tukapata barua kwamba tumefika hatua ya mwisho. Waamuzi wangekuja kuona kwa macho yao.

Kati ya picha ile na barua ile, mvua mbili zilikataa kunyesha.

Watu wa huku hawahitaji kuelezwa ukame unavyokuja. Kwanza ni bei ya maziwa sokoni, kisha ni mizoga kando ya lami ya Ngaremara, kwanza ng'ombe, kisha punda, na mwishowe hata ngamia mmoja ambaye madereva walisimama kumtazama. Tuliambiwa mto Ewaso Nyiro umekatika, umebaki vidimbwi. Wasichana wawili wa darasa langu waliitwa nyumbani, hawakurudi. Sisi tuliendelea kumwagilia. Ukisimama barabarani, katika nchi yote ile ya rangi ya jivu, kijani ilikuwa ni shule yetu peke yake. Nilijivunia jambo hilo. Nilitoka makusudi kwenda kulitazama.

Asubuhi moja mzee alinipeleka nyuma ya bweni. Kwenye mchanga wa laga kulikuwa na nyayo pana kama sinia, na mavi yaliyokuwa bado na unyevu ndani. Seng'enge ilikuwa imelala chini urefu wa hatua kumi, wala haikuonekana kwamba kuna aliyehangaika kuivunja.

Maafisa wa wanyamapori walikuja siku hiyohiyo. Mkubwa wao, kijana mpole mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, alizunguka dimbwi mara moja tukaingia ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Mwageni hayo maji leo," alisema. "Na mkate migomba na mipapai. Mwarobaini iacheni. Kuna ndovu jike na mtoto wake wanazunguka hapa, na jike akiwa na mtoto hana mchezo."

Mwalimu mkuu alinigeukia. Waamuzi walitarajiwa Alhamisi ya wiki iliyofuata.

"Tupeni wiki moja," nilisema. "Wiki moja tu. Wakishapita waamuzi nitaikata mimi mwenyewe."

"Mwalimu, siwezi kukulazimisha," afisa alisema. "Lakini nimeshasema."

"Wiki moja," mwalimu mkuu alisema, na mjadala ukaishia hapo.

Nilikwenda langoni kumwambia mzee, kwa sababu nilijua atauliza. Alinisikiliza huku akichonga kijiti.

"Wiki ni siku saba," alisema. Kisha: "Basi badilisha saa ya watoto. Wasiende huko giza bado iko. Waende saa nne, watu wakiwa wengi."

"Saa nne wako darasani, Mzee. Na jua linakunywa maji yote."

"Badilisha, Mwalimu."

"Nitaangalia," nilisema.

Sikuangalia. Nilirudi nyumbani nikaandika hotuba ya kuwakaribisha waamuzi.

Ilikuwa Jumatano ya wiki ileile, zikiwa zimebaki siku nane waamuzi waje. Nilikuwa nimesimama jikoni nikisubiri maji yachemke, na nje kulikuwa kumeanza kupambazuka, ile nuru ambayo unaona mtu lakini huoni uso wake. Nikasikia mabati yakipigwa. Nilifikiri ni mpishi anafukuza punda. Kisha nikasikia sauti ya mzee ikiita kwa Kiswahili, "Toka! Toka wewe, kimbia!" na nikajua haongei na punda.

Nilitoka pekupeku. Mtoto wa ndovu alikuwa ndani ya dimbwi, maji yakimfika tumboni. Mama yake alikuwa upande wa huku, kati ya migomba, masikio yamefunguka. Na nyuma yake, akiwa amejibana kwenye ukuta wa mawe unaobeba tangi la maji, alikuwa mwenyekiti wa klabu na jagi mkononi. Ilikuwa zamu yake. Mwenzake alikuwa mgonjwa, amekuja peke yake.

Mzee alikuwa ameacha lango, amekimbia uwanja mzima. Alikuwa ameshika kipande cha bati na fimbo, akalipiga bati huku akirudi kinyumenyume, akimvuta yule ndovu amtazame yeye. Na alimtazama. Alimfuata. Mzee alikuwa akienda vizuri, sijui kama naweza kueleza, hakuwa na papara, alikuwa mtu anayehamisha mnyama kutoka mahali hadi mahali kama alivyofanya maisha yake yote. Kisha kisigino chake kikagusa ukingo wa dimbwi. Katika nchi ile nzima, kwa miezi mingi, matope yalikuwa pale tu. Akateleza.

Haikuchukua muda. Sitaandika zaidi ya hapo.

Ndovu na mtoto wake waliondoka kwa njia waliyoingilia, polepole. Msichana hakulia wala hakupiga kelele. Nilipomfikia nilijaribu kuliondoa jagi mkononi mwake nikashindwa. Vidole vilikuwa vimekaza.

Siku hiyohiyo migomba ilikatwa na dimbwi likapasuliwa. Waamuzi walipigiwa simu wasije.

Jumatatu kulikuwa na paredi ya maombi. Mjane alikuja na shemeji yake, wakaketishwa kwenye viti vya ofisi ya walimu vilivyotolewa nje. Alikuwa mwanamke mwembamba, kichwa amekinyoa kwa msiba. Mwalimu mkuu alisoma kutoka kwenye karatasi. Alisema shule imempoteza mfanyakazi wa miaka mingi. Alisema maneno ya Mungu. Kisha akasema, kwa sauti ileile, kwamba kwa bahati mbaya marehemu alikuwa ameacha kituo chake cha kazi bila ruhusa, na kwamba sote tujifunze kufuata maagizo, maana maagizo yamewekwa kutulinda.

Mjane alielewa Kiswahili. Niliona anavyoinua kichwa.

Nilikuwa mstari wa mbele wa walimu. Nilijua kwa nini karatasi ile imeandikwa hivyo: kama mzee aliacha lango kwa kosa lake, basi hakuna atakayeuliza kwa nini kulikuwa na migomba, au nani aliomba wiki. Nikanyamaza.

Aliyezungumza alikuwa yule msichana. Alitoka kwenye mstari wa kidato cha tatu akasimama mbele, mikono nyuma, kama anayejibu swali darasani.

"Hakuacha lango," alisema. "Alikuja kwa sababu mimi nilikuwa pale. Na mimi nilikuwa pale kwa sababu ya ratiba."

"Rudi kwenye mstari," mwalimu mkuu alisema.

Alinitazama mimi. Hakuwa na hasira. Alikuwa akingoja tu niseme, kwa sababu ratiba ilikuwa yangu na kila mtu alijua. Nilitazama viatu vyangu. Akarudi kwenye mstari.

Saa sita mwalimu mkuu aliniita nitie sahihi taarifa ya tukio, kama mwalimu msimamizi. Maneno yalikuwa yaleyale ya paredi. Nilisema siwezi. Nilichukua karatasi tupu juu ya meza yake nikaandika kwa mkono: kwamba tulionywa, kwamba niliomba wiki moja, kwamba marehemu aliniambia nibadilishe saa na sikubadilisha, kwamba alikufa akimwokoa mwanafunzi. Niliandika mistari saba au minane. Aliisoma akiwa amesimama.

"Unajua unachojifanyia?" aliuliza.

"Najua."

"Hujui," alisema, lakini aliichukua, na baadaye nilisikia kwamba aliambatisha zote mbili, yake na yangu, akazituma pamoja kwa wakuu wa elimu. Simchukii. Alikuwa na shule nzima ya kulinda, na mimi ndiye niliyemwomba ile wiki.

Jumamosi nilipanda bodaboda hadi Ngaremara, nikaulizia kwa mjane. Nyumba yake ilikuwa mbali kidogo na barabara. Alikuwa ameketi nje na wanawake wawili wengine. Nilimsalimu, nikampa pole, nikaketi chini nilipoonyeshwa. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, lakini nilipoanza kusema nilisahau mpangilio wote. Nilimwambia hivyohivyo. Kwamba mume wake alinionya kuhusu ndizi. Kwamba alinionya kuhusu saa. Kwamba hakuacha kazi yake, na kwamba siku ya paredi nilijua hivyo nikanyamaza.

Mjane akasema, "Alikuwa anaongea juu yako. Alisema, huyu mwalimu ni mtu wa kazi, lakini hasikii."

Wale wanawake wawili waliitikia kwa kichwa.

"Sasa umesikia," alisema.

Nilidhani nitaaga. Lakini alikuja kijana mkubwa, mtoto wake wa kwanza, na mama yake akanigeukia, "Mwambie." Nikamwambia. Baada yake alikuja shemeji, yule wa siku ya paredi, na mjane akasema tena, "Mwambie." Alikuja mzee jirani na wake zake wawili. "Mwambie." Hakuna aliyenifokea. Kila mmoja alisikiliza hadi mwisho, akasonya au akatikisa kichwa, akaketi. Nilisema maneno yale mara nne, na kila mara yalikuwa machache zaidi, mpaka mara ya mwisho yakabaki: alinionya, sikusikia, akafa, hakuwa na kosa. Hapo mjane akasema naweza kwenda.

Mwisho wa muhula nilipewa barua ya onyo, kisha ya uhamisho, niende shule ya kutwa mjini. Nilistahili zaidi ya hapo na sikukata rufaa. Yule msichana alienda likizo Merti, muhula ulipofunguliwa kitanda chake kikabaki kitupu. Nilipiga simu ya nyumbani kwao mara nyingi bila kujibiwa. Likizo iliyofuata nikapanda pikapu ya mizigo, katikati ya magunia ya unga na mitungi ya gesi, nikaenda.

Mama yake alinipokea mlangoni. "Salaam aleikum," nilisema, na alinijibu, akaniingiza ndani, akanipa maji kabla ya kuniuliza mimi ni nani. Nikamwambia.

"Amekataa kurudi," alisema. "Hatujamkataza sisi. Baba yake alisema aende. Anaamka kila siku alfajiri, anakaa hapo nje."

Msichana alirudi na mbuzi jioni. Walikuwa wamebaki wachache, unaweza kuwahesabu kwa kutupa jicho mara moja. Alikuwa amekonda. Alinisalimu kwa adabu ileile ya darasani, tukakaa nje kwenye mkeka.

Nilimwambia nilichokuja kumwambia: kwamba kosa ni langu, si lake, kwamba nimeliandika na nimemwambia mjane na watu wake, na kwamba siku ile ya paredi alifanya kazi ambayo ilikuwa yangu.

"Najua, Madam," alisema.

"Basi rudi shule."

Alivuta uzi kwenye ukingo wa mkeka. "Aliniita mara mbili," alisema. "Mara ya kwanza nilisikia. Aliita kutoka langoni, 'Toka huko!' Nilikuwa sijaona kitu. Ilikuwa imebaki jagi moja, mgomba wa mwisho. Nikasema nimalize ndiyo niandike. Ningeenda ile mara ya kwanza, angebaki langoni."

Nilitaka kumwambia kwamba hilo si kosa. Nilimwambia. Nilimwambia kwamba mtoto anayemaliza kazi aliyopewa hana kosa, kwamba mimi ndiye niliyewafundisha wasiache hata mti mmoja. Alinisikiliza akiitikia kwa kichwa, na niliona kwamba maneno yangu hayamfikii. Yalikuwa ya kweli, ila yeye ndiye aliyekuwa na jagi.

Nililala kwao. Asubuhi nilipotoka nje alikuwa ameketi mahali mama yake aliponiambia, amejifunika shali, akitazama upande wa mto. Niliketi kando yake. Tulikaa hadi jua lilipotoka, kisha akainuka kwenda kuwafungulia mbuzi.

Mwaka uliofuata aliingia shule ya kutwa karibu na nyumbani, akamaliza, akapata alama za kutosha. Hakuchukua masomo ya maji. Anafanya kazi ya duka la dawa. Sikukuu zikifika hunitumia salamu, nami humtumia, na hatuulizani lolote.

Siku ile ninaondoka Merti, mama yake alinipa maziwa ya ngamia kwenye chupa ya plastiki, akaifunga kwa kitambaa isipate joto njiani. Nilisema asante, nikapanda juu ya pikapu. Nilijua ni maziwa ya watu ambao hawakuwa na mengi. Niliyanywa yote kabla hatujafika barabara kubwa, ingawa sikuwa na kiu, kwa sababu yangeharibika juani, na sikuweza kufikiria kuyamwaga.